Simba Aliyekufa Kabla ya Mkuki

Sogeeni hapa jikoni, nyie wote. Wewe zima hiyo redio. Anayetafuna mahindi ameze kwanza, maana habari hii siwezi kuipazia sauti. Ni ya jirani yangu Dafrosa, hapa hapa Kasansa. Shamba lake mnalipita kila siku mkienda kuchota maji.

Mwaka ule mpunga ulikuwa umeanza kuinama, na simba alikuwa ametuchosha. Dume kubwa. Mguu wa nyuma ulikosa kidole kimoja, mtego ulikikata zamani, kwa hiyo hata mtoto mdogo aliujua unyayo wake kwenye tope. Alikula mbuzi, akala ndama, halafu asubuhi moja kweupe akamkamata Apolinari, mume wa Dafrosa, akiwa anafungulia maji kwenye majaruba ya mpunga. Mwanawe Deogratias alikuwa naye. Yeye alipanda mti. Watu walipofika walimkuta huko juu amekumbatia tawi, baba yake amelala chini, hatazamiki.

Basi vijana wakapata la kusema. Akipita kijiweni, wanamuuliza, "Deo, leo umekuja kwa miguu au kwa matawi?" Anacheka nao. Lakini nyumbani hali. Dafrosa alikuwa anamsikia kutoka chumba cha pili akisaga meno.

Ndama wao wa mwisho alipokufa kwa ugonjwa, Dafrosa hakumwambia mtu. Alichukua dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe, nyeupe kama maziwa, akaimwagia mzoga, akauburuta peke yake mpaka kwenye matete alikolala simba. Alinawa mikono kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga. Harufu ikabaki.

Siku ya pili asubuhi, kelele mtaa mzima: Deogratias ameua simba! Dafrosa alikimbia bila viatu. Akamkuta mwanawe amesimama juu ya yule dume, mkuki umezama ubavuni, wale wale wa kijiweni wanamshangilia, simu zinampiga picha. Dafrosa akatazama mdomo wa simba. Povu jeupe. Akatazama palipoingia mkuki.

Hapakuwa na damu. Hata tone.

Mama gani angesema?

Huku kwetu, mnajua, anayeua simba hucheza. Huzunguka nyumba kwa nyumba na ngoma, mkia wa simba mkononi, na kila nyumba inamtunza kuku, mchele, mbuzi. Ila kwanza afungwe. Hukatwa ukanda kwenye ngozi ya simba, akavishwa mkononi, ili simba ajue ameshamalizana na mtu huyu. Mfungaji wetu alikuwa mzee Ngolo, Msukuma wa ng'ombe. Alimfunga Deogratias mbele ya watu. Kisha akaja jikoni kwa Dafrosa, akakataa kigoda.

"Mama Deo," akanong'ona, "mkuki ule uliingia kwenye nyama. Haukuingia kwa simba."

"Sikuelewi, baba."

"Unanielewa. Mikono yako inanuka josho."

Dafrosa akaificha kwenye kanga.

"Nimemfunga asiyehusika. Simba hamtafuti mwenye mkuki, anamtafuta aliyemuua. Njoo useme mbele ya watu, nikufunge wewe. Lakini ngozi ikishakauka, mimi sina la kufanya."

"Nikisema, mwanangu atakuwa nani?"

"Atakuwa mtu mwenye mama," Ngolo akasema, akaondoka.

Ngozi ilikuwa imewambwa ukutani, chumbani kwa Deogratias, nyayo zote nne zikiwa bado zinaning'inia. Kila akitoka alifunga mlango kwa kufuli na ufunguo akauvaa shingoni.

Kesho yake Dafrosa alikuwa juu ya dungu lake, kichanja cha kulindia mpunga, anafukuza kwelea kwelea. Mimi nilikuwa dungu la pili. Jua la saa sita. Anapiga debe, ndege wanaruka, wanarudi, anapiga tena. Mara wakaruka wote pamoja. Yeye alikuwa hajapiga. Kimya. Kule kwenye matete mpunga ukaanza kugawanyika, mstari mmoja, polepole, unakuja. Ukasimama katikati ya shamba. Hakutokea kitu. Harufu ya josho tu, na Dafrosa akanusa mikono yake akajidanganya kwamba inatoka hapo.

Siku ya pili mstari ulifika kwenye tuta la mwisho. Aliposhuka akaona unyayo kwenye tope. Mguu wa nyuma, vidole vitatu. Nyayo zilikuja. Hazikurudi.

Alikuja kwangu, akanieleza yote mdomo ukiwa sikioni mwangu. Nikamwambia, "Shoga, kaseme leo leo!"

Jioni ile akaenda kweli. Alimkuta mwanawe uani na wenzake wanachoma nyama. Sasa walimwita Simba. Deogratias aliponyanyuka kumpokea, Dafrosa aliona mashavu yake yamerudi.

"Mama, kula," akamwekea paja la kuku bakulini kwa mkono wake. "Siku hizi hakuna wa kunicheka."

Dafrosa akamtazama anavyotafuna. Tangu msiba alikuwa hajamwona akila hivyo. Alipopita ndani aliibonyeza ngozi kwa kidole. Kingo zimekuwa ngumu kama ubao. Chini ya shingo tu palikuwa bado pana ulaini kidogo, upana wa kiganja.

Kesho, akajiambia. Wacha ashibe leo.

Siku ya tatu nilisikia debe lake tangu asubuhi. Kijijini ngoma ya Deogratias ilikuwa inalia, anacheza. Jua likapanda.

Debe likanyamaza.

Ndege wakaruka.

Mpunga ukapasuka. Safari hii haukuja polepole.

"Dafrosa!" nikapiga kelele. "Sema! Sema nikusikie mimi, niwe shahidi!"

Alisimama juu ya dungu. Aligeuka upande wa ngoma, akasikiliza. Kisha akanitazama mimi, akaweka kidole mdomoni.

"Usimwambie mwanangu," alisema. Hakupaza sauti. Lakini niliisikia kama yuko ubavuni kwangu.

Akashuka ngazi mwenyewe.

Tulipofika na watu, hapakuwa na damu. Kanga yake imekunjwa vizuri juu ya dungu. Chini, kwenye tope, nyayo za simba zinaelekea matete. Pembeni yake nyayo za Dafrosa, peku, hatua fupi fupi, kama mgeni anayesindikizwa. Zikaingia kwenye matete pamoja. Humo ndani zikaisha.

Deogratias alikimbilia nyumbani kuchukua mkuki. Kufuli ilikuwa mahali pake. Alifungua kwa ufunguo wa shingoni, tukamsikia akilia kama mtoto. Ngozi ilikuwa ukutani, kavu yote, inagonga kama ubao. Ila nyayo zake nne zilikuwa mbichi kwa tope, na katikati ya vidole vitatu vya mguu wa nyuma palinasa punje za mpunga.

"Nilimkuta amekufa!" akawapigia watu kelele. "Simba nilimkuta amekufa!"

Hakuna aliyecheka.

Matanga yalipokwisha, shamba lilikuwa la Deogratias, lakini hakulitia jembe. Alihamia mjini, Nsemulwa, anaendesha bodaboda, na ule ukanda bado uko mkononi. Jembe na sufuria alichukua Romana, dada yake Dafrosa. Kanga aliomba azikwe nayo, akazikwa nayo mwaka jana. Ngozi Ngolo aliitwaa, akaondoka na ng'ombe wake, hatujamwona tena.

Debe nililirithi mimi. Ndilo hilo nyuma ya mlango. Kila mwaka mpunga unapoinama, asubuhi nalikuta lina povu jeupe kwenye ukingo. Nalifuta kwa majani. Siligusi kwa mkono.