Kifungo cha Koti la Mzee Mifuko

Koti lilikuwa na joto.

Fundi aliligusa begani, kama alivyogusa kila nguo iliyopita mbele yake kwa miaka arobaini ya kushona, kisha akaurudisha mkono taratibu. Halikuwa joto la jua, maana dirisha lilikuwa upande wa pili. Halikuwa la pasi, maana pasi huacha joto kavu. Lilikuwa joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi, na mwenye koti alikuwa kaburini mwaka wa tatu huo.

"Mke wangu, hebu njoo ushike hapa."

Mkewe hakuja. Alikuwa na binti yao kwenye rafu, wanachambua vikombe vyenye sura ya Mzee Mifuko, kofia za Mzee Mifuko, fulana, soksi, mpaka vibanio vya nguo vyenye mdomo wake uliokenua. Duka zima lilikuwa la mtu mmoja, yule mchekeshaji. Binti ndiye aliyewaleta. Alikuwa muuguzi, amepata likizo ya wiki mbili, akasema baba amemcheka mtu huyu tangu yeye hajazaliwa, basi akayaone mambo yake kabla macho hayajamchoka.

Na mambo ya Mzee Mifuko hayakuwa mengi. Alikuwa anatokea na koti hilo lenye mifuko kumi na sita, anatafuta ufunguo. Anapapasa mfuko huu, unatoka mwiko. Anapapasa ule, inatoka kandambili moja, anatoka kuku mzima. Kila kitu isipokuwa ufunguo. Kisha anawageukia watu na uso wa mtoto aliyepotea sokoni: "Nilikuwa nao hapa sasa hivi." Basi. Watu walikuwa wanajishika mbavu.

Fundi alimpenda labda kwa sababu mwenyewe hakujua kuchekesha hata mtoto wa kutekenywa. Utani wake ulikuwa wa kuelezwa mara mbili, na mara ya pili hata yeye alikuwa ameshausahau.

Mwenye duka, dada wa marehemu, alikuwa mwanamke mwembamba aliyelitazama lile koti kama mtu anayetazama maziwa jikoni.

"Mnaweza kulivaa mpige picha," aliwaambia. "Kaka alipenda watu wafurahi. Ila neno moja tu. Msilitengeneze. Mkiona uzi umelegea, uacheni. Kitu kikidondoka, kidondoke."

"Shangazi, hawa wote wawili ni mafundi," binti alisema. "Ni sawa na kumwambia paka asitazame samaki."

Mwenye duka hakucheka. Alivichukua vikombe walivyochagua akaenda chumba cha nyuma kuvifunga.

Fundi akalivaa koti. Lilimmeza. Binti akainua simu, na hapo mama mtu akaona kifungo cha tatu kinaning'inia kwa uzi mmoja, kama jino la mtoto wa miaka sita.

Mtaani kwao walimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo lililotoka mikononi mwake halikufumuka mpaka nguo yenyewe ife. Sindano yenye uzi ilikaa kwenye ukosi wa gauni lake saa zote. Na kuna jambo ambalo kila aliyefundishwa cherehani na mtu mzima analijua: nguo haishonwi ikiwa mwilini. Mvue mtu kwanza. Wengine husema utamchoma. Yule bibi aliyemfundisha Mama Pindo alisema zaidi: utamshonea kitu ndani, na kukifumua hutajua. Mama Pindo mwenyewe aliwaonya hivyo hivyo wasichana wote waliopita kwenye mashine yake. Lakini picha ilikuwa tayari, mumewe anatabasamu kama bwana harusi, na kifungo kile kilikuwa kinamtia aibu. Mishono minne tu.

"Simama hivyo hivyo, baba." Akamaliza, akakata uzi kwa meno.

Fundi akashtuka. "Umenichoma."

"Sijakugusa."

"Umenichoma. Ndani huku."

Picha ikapigwa. Koti likavuliwa bila shida, likarudi kwenye sanamu yake. Mwenye duka aliporudi, macho yalikwenda moja kwa moja kwenye kifungo. Akaviweka vikombe chini.

"Nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nisamehe, dada, ni mkono tu. Kilikuwa kinadondoka."

Yule mwanamke alimtazama Fundi, akasema, "Poleni," akawafungulia mlango. Nyuma yao wakasikia komeo linaingia. Na pale kwenye ngazi Fundi akasema, kama mtu anayeongea peke yake, "Limepoa. Nimeligusa wakati natoka. Lile koti limepoa."

Siku ya tatu, asubuhi, chai mezani, Fundi alikuwa anatafuta chaki yake ya kuchorea vitambaa. Akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa suruali. Kisha mikono ikaendelea, ubavuni ambako hakuna mfuko, chini ya kwapa, katikati ya mgongo, haraka na kwa adabu, kama mikono ya mgeni anayeogopa kusumbua, na uso wake ukawageukia. "Nilikuwa nao hapa sasa hivi."

Mama Pindo alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Binti alilaza kichwa mezani. "Baba, miaka yote hii kipaji hiki ulikuwa umekificha wapi?"

Wateja wakacheka. Wapita njia wakasimama dirishani, wakacheka. Kwa siku mbili chumba chao cha mbele kilijaa watu wasio na nguo ya kushonesha, na hakuna aliyeuliza kwa nini kinanuka kitambaa kilichoungua wakati pasi zote zimepoa.

Jioni ya siku hiyo ya pili alipovua shati, Mama Pindo aliona mstari ubavuni mwake. Ulikuwa umenyooka, urefu wa kidole, kingo zimekunjwa kwa ndani, safi, bila damu. Mtu mwingine angesema ni jeraha. Yeye aliujua. Ulikuwa mdomo wa mfuko, umekatwa, bado haujatiwa kitambaa cha ndani. Chini yake mwingine. Nyuma, mitatu.

"Nani amekukata, baba?" alinong'ona.

Fundi alifungua mdomo, machozi yakamtiririka, na midomo ikahangaika kama inashindana na mtu, na kilichotoka ni "Nilikuwa nao hapa sasa hivi." Na mkewe, amemshika bega, anauona mwili ule, akacheka. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akacheka ndani ya mikono. Mbele ya macho yake ngozi ya bega ikafunguka polepole, mstari wa sita.

Kesho yake Fundi aliichukua chaki akaandika kwenye kitambaa cheusi, herufi kubwa zinazotetemeka: MSICHEKE. Lakini hata kuandika huko mkono uliandika herufi moja, ukaipoteza chaki, ukaitafuta, ukaikuta sikioni, na binti, ambaye amewafunga bandeji watu waliovunjika na hajawahi kugeuza uso, alianguka kwenye kiti akicheka na kulia kwa pamoja, akisema, "Mama, mtoe, mama, siwezi, mtoe nisimwone," na walipofunga mlango watu walikuja dirishani, na walipofunga dirisha watu walisikiliza ukutani, kwa kuwa hata mkwaruzo wa ile mikono inayotafuta ulichekesha, na kila kicheko kilichopenya kilikata mahali pengine, na Fundi alizidi kupungua, suruali aliyojishonea mwenyewe ikamning'inia kama ya kuazima.

Wakamwita bibi mmoja mtabibu wa majini, ambaye watu walisema hajacheka tangu azike wanawe. Aliingia na tasbihi yake, uso umekaza, akaanza kusoma. Mikono ya Fundi ikaanza kupapasa. Bibi akasoma kwa nguvu zaidi, akatetemeka, akaushika ukuta, na kicheko kikamtoka kama kikohozi cha muda mrefu.

Nje alijifuta macho, hakuwatazama. "Nimeihesabu mifuko. Ule wa kumi na tano ni wangu, Mungu anisamehe. Umebaki mmoja."

"Ukikatwa?" binti aliuliza.

"Koti litakuwa limekamilika. Mtu hatakuwemo." Akavuta pumzi. "Kitu hicho kinakula kicheko. Kesho, tangu jua lichomoze mpaka lizame, asicheke mtu. Kikishinda na njaa siku moja tu, kinaondoka. Akae naye mmoja, wengine wote mbali. Nani aliyeshona?"

"Mimi," alisema Mama Pindo.

"Basi ni wewe."

Siku ikafika. Binti aliketi mwanzo wa uchochoro kuwafukuza watu. Ndani, Mama Pindo alikaa mkabala na mumewe, kitambaa amekiuma menoni, sindano mkononi. Kicheko kilipopanda kifuani, alijichoma chini ya ukucha. Kile kitu kilijaribu kila namna. Kilimsimamisha yule mzee mgonjwa, kikamtafutisha ndani ya kiatu, kikamvisha kiatu kichwani, kikamwangusha, kikamfanya aombe radhi kwa kiti, na yeye akajichoma na kujichoma mpaka gauni likalowa damu magotini, na adhuhuri ikapita, na alasiri ikaingia, na mwanga ukashuka ukutani taratibu mpaka kwenye meza ya cherehani.

Kisha mikono ikatulia. Harufu ya kuungua ikaondoka.

"Mama Pindo." Ilikuwa sauti yake, kavu, ya chini. "Nipe maji, mke wangu."

Alimnywesha, kikombe kikigonga meno. Alitaka kuongea, akaogopa.

"Umejiumiza vidole," Fundi alisema. "Utashonaje?"

"Usiongee, baba. Jua bado."

"Limebaki kiganja kimoja tu lizame." Akafumba macho. "Unajua nimekumbuka nini? Siku niliyokuja kukuposa. Nimevaa suti niliyoishona kwa mkono wangu. Nikakaa mbele ya baba yako, suruali ikapasuka, prraa. Mzee akanitazama, akaniuliza, kijana, unafanya kazi gani?" Alisita. "Nikamwambia, mimi fundi."

Haikuwa kicheko hasa. Ilikuwa pumzi tu iliyomtoka puani, ndogo, isingemwamsha mtoto mchanga, pumzi ya mwanamke aliyerudishiwa mumewe.

Chini ya shati la Fundi ukasikika mkasi unapita kwenye kitambaa kipya.

Alimtazama mkewe mpaka mwisho. Ni nani aliyekisema kile kisa, yeye au kile kitu, Mama Pindo hakujua, na hajui mpaka leo.

Msibani wanawake walijaa chumba cha mbele, mikeka imetandikwa, mashine zimesukumwa pembeni. Mama Pindo alikuwa hajatoa neno wala chozi tangu jana. Jirani mmoja mtu mzima akamsogelea, akamshika goti. "Lia, mwanangu. Usijifungie. Mlilie mwenzio."

Akainua uso. Akafungua mdomo, akalia kwa sauti, "Mume wangu, umeniacha na nani?"

Huko nyuma, karibu na mlango, mtu akacheka.

Watu wakageuka kwa hasira. Mama Pindo akalia tena, na jirani aliyemshika goti akabana midomo, akainama haraka, mabega yakaanza kumtikisika. Khanga zikapanda vinywani, moja, halafu nyingine, mkeka kwa mkeka. Akamgeukia binti yake aliyekaa naye bega kwa bega. Binti alikuwa ameugeuzia ukuta uso, anatetemeka mwili mzima, na Mama Pindo akamwomba Mungu kiwe kilio.