Rufaa ya Sauti Mbili

Tangu apate kiharusi, baba alizungumza kwa shida. Maneno yalimtoka yamevunjikavunjika. Mama peke yake ndiye aliyemwelewa.

"Anasema funga dirisha, anasikia baridi," mama alikuwa akiwaambia wengine.

Binti yao alikuwa mtengenezaji wa programu za simu. Aliwasikiliza wazazi wake, kisha akabuni programu. Simu ilisikiliza maneno ya baba, ikasikiliza na jibu la mama. Kutokana na jibu hilo, ilijifunza baba amesema nini. Baadaye iliweza kumsemea kwa sauti safi.

Binti akaomba hataza, yaani haki ya kulinda uvumbuzi wake. Mkaguzi wa hataza alimkatalia. "Hili ni jambo dhahiri, halistahili hataza," aliandika. "Uvumbuzi mmoja wa zamani unatambua sauti za wagonjwa. Mwingine unasikiliza mazungumzo ya watu wawili. Fundi yeyote angeviunganisha vitu hivyo viwili." Binti alijitetea, akakataliwa tena.

"Basi mama, yamekwisha," alisema kwa unyonge.

"Yamekwishaje, na jirani yupo?"

Jirani yao alikuwa wakala wa hataza, kazi yake kuwatetea wavumbuzi. Alivaa miwani, akasoma yote, hata hati za ule uvumbuzi wa zamani.

"Mwanangu, kila fumbo ni rahisi likishafumbuliwa," alisema. "Swali ni hili: fundi ambaye hajaiona kazi yako angekuwa na sababu gani ya kuviunganisha? Hebu soma hapa. Uvumbuzi wa kwanza unaifanyaje sauti ya mtu wa pili?"

Binti alisoma. Macho yakamtoka pima. "Unaifuta! Unaiita kelele!"

"Umeona? Hati yenyewe inamwambia fundi aitupe sauti ya mama yako. Wewe umeifanya mwalimu. Kata rufaa kabla muda haujapita. Usimlaumu mkaguzi, wala usieleze ulivyohangaika. Onyesha hilo tu."

Wakaiandika rufaa pamoja. Bodi ya rufaa ilipima hoja zote, ikaona mkaguzi hakutoa sababu ya kutosha. Ikaufuta uamuzi wake, na hataza ikatolewa. Punde hospitali ikaomba ruhusa ya kuitumia programu ile kwa wagonjwa wake.

Jioni moja binti alimkuta mama amesimama mlangoni, peke yake.

"Baba yuko wapi?"

"Kwa kinyozi. Amekataa nimsindikize." Mama alicheka, machozi yakimlengalenga. "Nimebaki hapa, sina wa kumsemea."

Baba akatokea kwenye kona, amenyolewa vizuri, simu mkononi. Alipofika alinong'ona kitu, na simu ikasema:

"Mke wangu, nimependeza?"