Jeep Iliyokataa Kumbeba Adelaïde

Maiti ya Adelaïde ilikuwa bado juu ya kipoyi, ile machela ya mianzi ambayo wanaume wa milimani huibeba mabegani. Kitenge kilichomfunika kilikuwa kimelowa damu kuanzia kiunoni hadi miguuni. Inspekta Kanyere alikifunua, akatazama, akakirudisha polepole. Hakuona jeraha la risasi wala la panga. Mwaka ule wa vita, hilo peke yake lilimshangaza.

"Alivuja damu," alisema Mama Constance, mkunga wa kituo cha afya. "Alifika hapa asubui, tukamutuma hospitali kubwa na kipoyi. Mutoto alizaliwa njiani, karibu na daraja. Mama akakata roho palepale, wakamurudisha hapa."

"Na mutoto?"

Constance alifunua blanketi kifuani pake. Kichanga kilikuwa hai, lakini midomo ilikuwa ya buluu na pumzi zilikuja kwa kuvutavuta.

"Anapashwa kufika hospitali kubwa leo. Kwa pikipiki, na hii mvua, baridi itamumaliza."

"Jeep yenu njo ile?"

"Njo ile. Asubui ilikataa."

Ile pale! Jeep nyeupe ya wagonjwa, imesimama uani chini ya antena ya simu, tairi zote nzima, mafuta tele. Wafadhili waliileta kwa ajili ya akina mama kama Adelaïde, si kwa ajili ya mwingine yeyote. Eti rimoti ya ufunguo imekufa, basi mama mwenye uchungu akabebwa mabegani kama gunia la mihogo.

Nje ya stoo ya dawa umati ulikuwa unapiga kelele. Ndani alifungiwa dereva, Muhindo. Mtu mmoja alikuwa tayari ameleta tairi kuukuu na chupa ya petroli, na polisi aliyelinda mlango alikuwa mmoja tu. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Sebarenzi, mume wa marehemu.

"Tupatie ule mutu! Aliharibisha funguo kusudi! Iko mutu wa Butembo, sisi ni nini kwake? Na weye, Inspekta, uko wa kwao!"

"Ndiyo, niko wa Butembo," Kanyere alimjibu. "Pole sana, Papa Sebarenzi. Lakini hauna haki ya kuchoma mutu mbele ya kujua. Nitachunguza hapa uani, mbele ya macho yenu wote. Mukiona ninadanganya, museme."

Aliingia stoo. Muhindo alikuwa ameketi chini, jicho moja limevimba hadi limeziba, mdomo umepasuka.

"Nani alikupiga?"

"Wote, Mama Inspekta."

"Funguo ilikataa namna gani?"

"Nilibonyeza, kimya. Nikatosha betri, nikaweka mupya ya dukani. Kimya."

"Ilishakataa mbele ya leo?"

"Mara mingi. Nikimwambia Papa Floribert, ananituma nyumbani, anasema fundi atakuja. Kesho yake iko muzima."

"Fundi gani?"

"Sijamuonaka hata siku moja."

"Na funguo inalalaka wapi?"

"Kwake. Tangu vita, kila mangaribi ninamupatia afiche, juu ya batu ya bunduki."

Hilo halikumshangaza Kanyere. Masisi nzima, mwenye injini huficha kipande chake jua likizama. Huyu anatoa gurudumu na kulizika ghalani chini ya maharage. Yule analala na kifuniko cha delko, kigawa umeme cha injini, chini ya mto. Watu wa bunduki wakifika, gari lisilowaka halichukuliwi. Floribert, meneja wa kituo, alisifiwa sana kwa kulinda ufunguo ule. Tena walimwonea huruma, kwa sababu jeep yake mwenyewe, ya aina ileile, ilichomwa katika mapigano. Hadi leo ufunguo wake ulining'inia kwenye mkanda wa suruali. Watani walimwita mgane wa gari.

Kanyere alichukua ufunguo wa kituo kwa Muhindo, akatoka nao mkononi. Umati ukamzunguka.

"Tazameni," alisema, akabonyeza. Taa ndogo nyekundu iliwaka kwenye rimoti. "Betri iko muzuri. Dereva hakudanganya."

"Ni antena!" alisema Floribert, mtu mnene mwenye koti safi. "Antena inakulaka nguvu ya rimoti. Nilisema tangu zamani."

"Inawezekana, Papa. Tusukume."

Waliondoa mawe yaliyozuia tairi, wanaume kumi wakaisukuma jeep hadi barabarani, mbali na antena, matope yakiwarukia usoni. Kanyere alibonyeza tena. Jeep ilinyamaza jii.

Alichomoa kile kifunguo cha chuma kilichofichwa ubavuni mwa rimoti, akafungua mlango kwa mkono. Harufu ilimpiga puani. Haikuwa ya dawa, wala ya damu, bali ya jibini.

"Mama Constance, wagonjwa wenu wananuka fromaji?"

Mkunga alikuja, akanusa, akakunja uso. "Juma lililopita niliosha hii gari na dawa, mimi mwenyewe."

Kanyere aliketi kwenye usukani, akaigusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia. Hata rimoti dhaifu, ikigusishwa pale, gari huitambua. Alama ya njano ya ufunguo ilipepesa kwenye dashibodi, kisha ikazimika; gari halikuitambua. Alishuka, akalitazama kasha la ufunguo kwa karibu. Kwenye ukingo palikuwa na mikwaruzo ya kisu, mipya juu ya mikuukuu.

"Rimoti hii haijaharibika," alisema. "Inaongea vizuri, ila inaongea na gari ingine. Kasha ni la kituo, matumbo ni ya mwingine. Kwa hiki kilima, nani tena iko na funguo ya aina hii?"

Macho yote yaligeuka taratibu kwenye mkanda wa Floribert.

"Nipatie, Papa Floribert."

"Hii? Hii iko kumbukumbu tu, Mama Inspekta. Gari yenyewe ni majivu."

"Basi haitanidhuru. Leta."

"Iko mali yangu binafsi! Hauna karatasi ya—"

"Leta!"

Aliifungua mkandani, akampa. Kanyere aliinua rimoti ya jeep iliyoungua, akabonyeza.

Jeep ya wagonjwa ikaitika pi-pi. Taa zake zote nne zikawaka.

Loh! Mwanamke mmoja alipiga yowe.

"Nilikuwa ninalinda gari!" Floribert alipaza sauti. "Kila mutu hapa anafichaka!"

"Batu ya bunduki walipita juma lililopita. Leo ulikuwa unamuficha nani? Mama mwenye mimba?"

Floribert alirudi nyuma hatua moja, akagota kwenye ubavu wa jeep.

"Nimekuuliza."

"Wateja wangu ya Goma walikuwa wananingoja Sake," alisema, akitazama viatu vyake. "Jeep yangu iliungua, fromaji inaozea nyumbani. Nilikuwa ninabadirisha matumbo ya hizi funguo mbili, Muhindo aone imeharibika, aende kwake, mimi nibebe fromaji hadi Sake. Jioni ninarudisha. Leo ilikuwa siku ya kubeba."

"Adelaïde alipofika, ulikuwa wapi?"

"Pale mulangoni."

"Ulimuona?"

"Nilimuona."

"Funguo ilikuwa wapi?"

"Kwa mukanda."

"Ulimuona analia, ulimuona Muhindo anahangaika na betri, na haukusema kitu?"

"Batu walikuwa wengi. Wangejua. Ningefukuzwa kazi. Nilifikiri atafika tu. Wamama ya huku wanabebwaka na kipoyi tangu zamani."

Kanyere alikuwa ameona maiti nyingi na kusikia maungamo mengi. Hakuwahi kusikia neno lililomchefua kama lile. Mtu huyu angeacha Muhindo achomwe. Kichanga kilikuwa kinatapatapa hatua chache kutoka kwake, dawa yake iko mkandani, na bado alizungumzia antena!

Sebarenzi alimrukia Floribert na kumkamata shingoni. Kanyere alijitia kati.

"Muache! Asubui mulikuwa tayari kuchoma mutu asiye na kosa. Huyu atasema haya maneno tena, mbele ya juji, kila moja. Mutoto wako anakungoja, Papa. Mutoto!"

Sebarenzi alimwachia. Alikwenda hadi mlango wa stoo, polisi akaufungua, akasimama mbele ya Muhindo, ambaye mdomo aliupasua yeye saa chache kabla. Alimnyooshea mkono, akamwinua.

"Jicho moja linaona," alisema Muhindo. "Leta mutoto, tuende."

Constance alipanda na kichanga, Sebarenzi akakaa kando yake. Muhindo aliichukua rimoti kwa Kanyere, akabonyeza kitufe, injini ikawaka mara moja. Kelele ile nzuri ya injini ndiyo iliyowaliza watu, kwani kila mmoja alijua ingeweza kusikika asubuhi.

Floribert, pingu mikononi, aliuona mlango wa nyuma uko wazi. Gereza lilikuwa katika mji uleule wa hospitali kubwa, na mvua ilikuwa inazidi. Aliweka mguu kwenye kidato.

"Nafasi iko, Mama Inspekta," alisema kwa unyenyekevu.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana."

Kanyere aliufunga mlango, akaipigapiga jeep ubavuni ili iondoke.

"Basi tembea."