Sura Iliyoitika

Jumla ilikataa. Mwalimu alihesabu maneno ya tasnifu yake sura moja moja, akajumlisha, akapata pungufu kidogo ya elfu themanini, kiwango ambacho chuo hakikubali kivukwe hata kwa neno moja. Kisha akahesabu tasnifu nzima kwa mkupuo. Ikazidi kwa elfu mbili.

Hakushtuka. Tasnifu aliigawa katika mafaili, kila sura faili lake, na juu yake faili mama, ambalo halina maneno ila mistari ya kuita: njoo sura ya kwanza, njoo ya pili. Programu hufuata miito hiyo na kuyaunganisha mafaili yote. Penye viungo vingi, alijiambia, hapakosi pa kukosea. Akahesabu tena. Ziada ilikuwa imekua, na chumba kilinuka tope.

Mwisho wa kuwasilisha ulikuwa Ijumaa. Akikosa, nafasi ya uhadhiri angepewa mwingine, na miaka yote ya kutembelea visima vilivyofukiwa, ambavyo tasnifu ilivihusu, ingekuwa kazi bure.

Basi akaanza kutafuta mtu aliyemwongezea maneno. Shaka ni mgeni asiyebisha hodi. Alimwazia kwanza shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa majokofu aliyekuwa akiazima kompyuta kutazama mpira. Fundi alicheka.

"Shemeji, mimi hata barua ya kuomba kazi naandikiwa. Leo nikutungie maneno elfu mbili ya visima?"

Akamgeukia mkewe, muuguzi, ambaye siku hizo kila akirudi kazini alipiga deki chumba cha kusomea bila kuombwa. Ana nini mle? Mke alijibu kwa utulivu kwamba hukuta sakafu ina maji, akadhani mume ndiye anayemwaga. Mwalimu hakumwamini. Alifunga chumba, ufunguo akautia mfukoni. Tangu hapo walikula kimyakimya, kila mmoja akisikiliza kijiko cha mwenzake.

Adhuhuri moja, wote watatu wakiwa sebuleni na ufunguo uko mfukoni, vitufe vya kompyuta vikaanza kulia nyuma ya mlango uliofungwa, taratibu kama matone yanayodondokea maji ya chini sana, kisha kwa haraka, kisha kwa haraka zaidi, na harufu ya tope ikapenya chini ya mlango pamoja na ubaridi wake, mpaka fundi akapandisha miguu juu ya kiti, na mke, bila kugeuza shingo, akanong'ona, "Mume wangu, bado unanishuku mimi?"

Ni mke aliyempeleka kwa mganga. Bibi yule hakujua kompyuta, wala hakujifanya anajua. Alimtaka aeleze kazi yake polepole. Walipofika kwenye miito, akamsimamisha: je, wote anaowaita wapo?

Mwalimu akahesabu sura kwa vidole. Sura ya nne haikuwepo. Ilihusu kisima ambacho wazee walimsihi asikitaje kama hataimaliza habari yake, naye aliifuta ili kupunguza maneno. Mstari wa kuiita aliusahau kwenye faili mama. Programu ililalamika kwamba faili halipo. Yeye, kama wengi wetu, aliyazoea malalamiko.

"Na siku moja ikaacha kulalamika," bibi alisema.

"Ndiyo."

"Ukimwita asiyekuwepo, baba, yuko mwingine atakayeitika. Futa huo mwito. Na nyumbani kwako usimwite mtu mpaka umwone kwa macho."

Aliufuta. Jumla mbili zikalingana. Sakafu ikakauka, harufu ikatoweka, na Ijumaa asubuhi tasnifu ikapokelewa bila swali.

Alirudi nyumbani mchana ule akiwa mwepesi, na jambo moja tu moyoni, kumwomba mkewe radhi kwa yale yote aliyomdhania. Lilimjaa kifuani hata hakuweza kulisubirisha. Akamwita tangu ukumbini, kwa lile jina la utani alilomwita walipokuwa wachumba.

"Abee," sauti ya mkewe ikaitika kutoka chumba cha kusomea, tamu, yenye mwangwi kidogo.

Alikwisha piga hatua kuifuata, akitabasamu, mlango wa mbele ulipofunguka nyuma yake. Mkewe akaingia, bado na sare za kazini, mkoba begani. Akasimama.

"Nani huyo ameitika?" akauliza kwa sauti ya chini.

Ndani, sauti ikaitika tena, sasa karibu zaidi na mlango.