Farasi Aliyeogopa Lango

Maneno yalianzia kisimani, na tangu Mwana Jaha ayasikie hakupata tena usingizi wa raha. Ati farasi kijana wa mji, yule mwekundu mwenye paji jeupe, hasimami kwa miguu ya nyuma kwa ukorofi. Anamwona mtu langoni. Anamwona marehemu Sheye.

"Mimi sisemi ni kweli," alisema jirani yake, Mwana Zuma, huku akivuta kamba ya ndoo. "Nasema ninayoyasikia. Lakini jiulize mwenyewe, dada. Mnyama huyo uwanjani ni mpole kama mbuzi wa maziwa. Akifika langoni tu, macho yamtoka, miguu juu. Kaona nini?"

"Usiniambie mie hayo, Zuma. Mwanangu ndiye anayempanda."

"Ndiyo maana nakwambia."

Enzi hizo mji wa Kiunguni ulikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe na lango moja kubwa la mbao ya mvule, lenye upinde mrefu wa mawe juu yake kama njia ya pangoni. Watu wake walivaa hariri, wakauza pembe na ambari, wakala kwenye sahani za China. Kisha akaja Fumo Kirao kutoka bara, na watu wenye ngao za ngozi ya nyati na mikuki mirefu, akapiga kambi mbele ya lango. Mvua zikaja, zikaenda, naye yupo. Majani yakaisha mjini. Farasi wakafa mmoja mmoja, na waliokuwa hawajafa wakachinjwa, watu wakala huku wakitazama pembeni.

Akabaki huyu kijana. Alikuwa zawadi ya nahodha mmoja wa Arabuni, na mpandaji wake wa kwanza alikuwa Sheye, mtoto wa watu, asiye na neno na mtu. Mwanzoni mwa vita Sheye alitoka naye kwenda kupigana. Siwa, lile baragumu la pembe la wafalme, likavuma juu ya lango, na hapo hapo chini ya upinde mkuki ukamfika Sheye shingoni. Farasi akarudi peke yake na damu manyoyani. Tangu siku hiyo, lango na yeye hawakupatana.

Njaa ilipowachosha wa ndani na wa nje, Fumo Kirao akakubali kusikia neno la amani. Na Kiunguni ilikuwa na mila yake. Neno la mji hutoka juu ya farasi. Mpelekaji hushika bendera mkono wa kulia, siwa hupigwa juu ya kichwa chake anapopita langoni, naye hukaa wima kama mlingoti. Hainami. Zamani mpelekaji mmoja aliinama kurekebisha kikuku cha kukanyagia, maadui wakasema, "Mji umetusujudia," na Kiunguni ikalipa ushuru wa nguo kwa umri mzima wa mtu. Kutoka kwa miguu nako kulikuwa sawa na kusalimu amri. Basi akachaguliwa Shekuwe, mwana wa pekee wa Mwana Jaha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine ambaye farasi yule alimkubali.

Mwana Jaha alikwenda uwanjani kumtazama akimfundisha. Farasi alipojaribu kuinuka, Shekuwe hakumvuta. Alilegeza hatamu, akamlalia shingoni, na miguu ilipogusa ardhi tu akamsukuma mbele na kumzungusha duara, akimsemesha kama anavyosemeshwa mtoto anayeota meno.

"Umeona, mama? Ukimvuta, anapanda zaidi. Ukiendelea kumvuta, anakwenda chali, na wewe uko chini yake."

"Na akienda chali?"

"Naruka pembeni. Sina mizizi mimi."

Aliyecheka ni yeye peke yake. Mwenye Hadi, mzee mtunza siwa, alikuwa amesimama karibu, amevaa joho lake la kale, mkono juu ya kipini cha jambia.

"Shekuwe, hapa uwanjani lala utakavyo, hata koroma," alisema. "Langoni nataka kuona mgongo ulionyooka."

"Mwenye, basi siwa lisipigwe mpaka nitoke nje. Sauti ile chini ya upinde ndiyo inayomtia wazimu."

"Siwa lilipigiwa babu zako, wao na farasi wao. Leo linyamaze kwa sababu ya mwanafarasi?"

Mwana Jaha akapiga magoti. "Mwenye wangu, nakuomba. Watu wanasema anamwona Sheye pale."

"Akimwona amsalimie," akajibu mzee. Kisha sauti yake ikashuka. "Mwanangu Jaha, na mimi nina wajukuu wanaolala njaa. Fumo Kirao akiona tumebadili mila, atajua tumekwisha. Hapo hataki tena neno. Ataingia."

Mwana Jaha alijua mzee hasemi uongo, na hilo lilimtisha kuliko uvumi. Siku zile alianza kumwona Sheye yeye mwenyewe. Si uso, kivuli tu ukutani, penye jua ambapo hapakuwa na mtu.

Asubuhi ya safari alimvika mwanawe kanzu ya melimeli na joho la rangi ya damu ya mzee. Akafungua mahazamu, mshipi mrefu wa hariri aliokuwa ameusuka mwenyewe.

"Pitisha hii kwenye pete ya tandiko, uifunge kiunoni. Akiinuka hutaanguka."

"Mama! Mtu hafungwi juu ya farasi kama mzigo wa pembe."

"Nifanyie mimi. Sijakuomba kitu tangu baba yako afe."

Shekuwe akamtazama, akaona machozi, akashindwa. Alipanda farasi, akafunga fundo jepesi, la kufunguka kwa mvuto mmoja. Alipokuwa akiichukua bendera, Mwana Jaha aliingiza mikono chini ya joho kana kwamba analinyoosha, akalikaza lile fundo, akaongeza jingine juu yake.

Watu walijaa ukutani. Nje, jeshi la Fumo Kirao lilisimama kimya, ngao chini. Farasi akaingia chini ya upinde akitembea kwa ncha za kwato. Siwa likalia, na mawe yakalirudisha mara nyingi, kama ng'ombe anayechinjwa ndani ya chumba.

Farasi akainuka. Shekuwe akamlalia shingoni, akalegeza, na miguu ikashuka salama. Laiti yangeishia hapo. Lakini sauti zilianza ukutani.

"Ameinama!"

"Anamsujudia Kirao!"

"Nyooka, mwana wa Jaha! Au mama yako alikunyonyesha maji?"

Siwa likalia tena. Farasi akainuka mara ya pili, na safari hii Shekuwe alikaa wima, mgongo kama mlingoti, hatamu zimekazwa, bendera juu. Akawa mzuri wa kutazamwa. Farasi akapanda, akapanda, akakosa mahali pa kwenda ila nyuma. Mwana Jaha, aliyesimama kando ya lango, aliona mkono wa mwanawe ukiacha bendera na kwenda kiunoni, ukivuta, ukivuta. Kisha wakaanguka wote wawili.

Wa kwanza kufika alikuwa Fumo Kirao mwenyewe. Alitupa mkuki, akaweka bega chini ya farasi pamoja na watu wa mjini, wakamwinua. Ilikuwa kazi bure. Lakini watu waliokwisha beba maiti mmoja hawakuona njia ya kurudi kuuana, na siku ile ile amani ikafungwa pale pale kwenye vumbi.

Wazee wa Kiunguni wakauita mwaka ule Mwaka wa Farasi. Waimbaji wakatunga juu ya rangi yake na paji lake. Jina la Shekuwe halikuingia.

Uvumi nao ukapata mwenyewe mpya. Kisimani wakasema sasa farasi anamwona Shekuwe. Mwana Jaha hakuukasirikia. Aliutaka. Alfajiri moja mji ungali umetulia alimtoa farasi bandani, akamwongoza kwa kamba iliyolegea mpaka langoni. "Mwone," alimwambia. "Inuka basi, nijue amesimama wapi."

Farasi akapita chini ya upinde taratibu, masikio yamelala, akatoka nje, akaanza kula majani. Hapakuwa na siwa, hapakuwa na mvuta hatamu. Hapakuwa na mtu. Mwana Jaha akakaa chini pale pale, akalia kilio ambacho siku ya maziko hakikumtoka.

Baadaye Kiunguni ilipata farasi wengine, na wanawake wenye vijana wa kupanda wakawa wanamjia. Hakuwasimulia habari za vivuli. Aliwaambia haya tu:

Usimpigie siwa wala ngoma farasi aliye chini ya upinde.

Usimpeleke kijana vitani na farasi ambaye hajazoea kelele za watu.

Usikaze hatamu akiinuka.

Usikae wima juu yake kwa kuogopa macho ya watu.

Usimzomee mpandaji.

Usisimame nyuma ya farasi.

Usimfunge mtu kwenye tandiko. Hata akiwa mwanao. Hata ukiwa unalia.