Matundu ya Ukutani

Fundi mmoja mwashi alijenga nyumba za watu kwa miaka arobaini, halafu akabaki peke yake katika nyumba yake mwenyewe. Mkewe alifariki. Binti yake wa pekee aliolewa mbali. Binti hupiga simu kila Jumapili.

"Baba, hujambo?"

"Sijambo."

"Umekula?"

"Nimekula."

Basi. Simu ikikatwa, nyumba inarudi kimya.

Mtu aliyezoea kazi hawezi kukaa bure. Kila asubuhi fundi alichukua mwiko na karai la saruji, akazunguka nyumba akitafuta cha kurekebisha. Akiona tundu, anaziba. Akiona ufa, anaziba. Ukuta wa ua ulikuwa wa udongo. Aliupiga plasta mpaka ukawa laini kama sahani. Kisha akasakafia ua mzima. Alibakiza kipande kimoja tu cha udongo, ukubwa wa mlango uliolazwa chini.

Mtaani wakamwita Mzee Saruji.

"Mzee Saruji," alisema jirani yake, mama mshonaji, kutoka upande wa pili wa ukuta. "Ukimaliza hapo, njoo unizibie mdomo wa mume wangu."

"Kazi hiyo inataka mifuko miwili."

Jirani akacheka, akarudi kwenye cherehani yake. Fundi akabaki na mwiko mkononi, akitafuta neno jingine la kusema. Hakulipata kwa wakati.

Kile kipande cha udongo kilikuwa cha maboga. Marehemu mkewe alirithi mbegu zake kwa mama yake. Kila mwaka alichagua boga bora, akakausha mbegu, akazitia kwenye chupa. Maboga ya namna ile, yenye ganda la kijivu, hayauzwi sokoni. Mwaka uliopita fundi alipanda, lakini hakupata hata boga moja. Mwaka huu zilibaki mbegu sita. Alizipanda zote. Tatu zikaota. Hizo zisipozaa, mbegu ya mkewe imekwisha.

Mimea ilistawi vizuri. Maua ya njano yalifunguka alfajiri. Chini ya baadhi ya maua vikatokea viboga vichanga, ukubwa wa ndimu. Halafu kila kimoja kikageuka njano, kikaoza, kikadondoka. Fundi akaongeza maji. Akaongeza mbolea. Vikadondoka vilevile.

Asubuhi moja alisikia hodi. Mlangoni alisimama dada mmoja mwenye kofia pana na daftari kwapani.

"Shikamoo, baba. Natoka chuo kikuu. Tunahesabu nyuki na wadudu wengine."

"Marahaba. Unahesabu wadudu? Na wanakulipa?"

"Kidogo, baba."

"Karibu. Chawa hatuna, lakini pita uangalie."

Mtafiti akakaa kwenye kigoda mbele ya maboga. Alitazama saa yake. Kwa dakika kumi na tano hakusema neno. Fundi naye akakaa kimya. Kimya hiki hakikuwa kama kile cha siku zote. Kilikuwa cha watu wawili.

Mwishowe mtafiti akaandika kitu.

"Umepata wangapi?" fundi akauliza.

"Sifuri. Hakuna hata mmoja."

"Si vizuri? Ua safi, hauna wadudu."

"Baba, maboga yako yanazaa?"

Fundi akainama kwenye mimea. Akamwonyesha viboga vilivyooza.

Mtafiti akachuma ua moja. "Hili ni ua dume. Tazama, lina unga wa njano. Lile lenye kiboga chini ni ua jike. Unga wa dume usipofika kwa jike, kiboga kinakufa. Hata ukimwagilia mto mzima."

"Na nani anaupeleka?"

"Nyuki."

"Nyuki wa mzinga? Hapa hatujawahi kuwa na mzinga."

"Wapo nyuki wengi wasioishi mzingani. Kila jike anakaa peke yake, na tundu lake. Wengine kwenye kuta za udongo, wengine ardhini."

"Kila mmoja peke yake," fundi akasema. "Kama mimi."

"Wao wamezoea, baba."

Kisha akafungua kurasa za mwanzo za daftari. Mwalimu wake alikuja hapo miaka tisa nyuma. Wakati huo fundi alikuwa safarini kwenye kazi za ujenzi. Mtafiti akasoma: "Ukuta wa udongo, matundu mengi. Aina kumi na moja za nyuki. Mama mwenye nyumba anasema hao ni wapangaji wake, tusiwasumbue."

Fundi akaomba asomewe tena. Akasomewa. Mkewe hakuwahi kumwambia habari hiyo. Au labda alimwambia kwenye simu, naye akawa anafikiria matofali.

"Nimewafukuza mimi," akasema.

"Si wewe peke yako, baba. Chuo chetu kinafuatilia nyua mia mbili. Joto limepanda, mvua imebadilisha majira, vichaka vimekatwa. Kila mahali viumbe wanapungua, aina moja baada ya nyingine. Joto la dunia hutaliweza peke yako. Lakini huu ukuta ni wako."

"Nikiubomoa leo, watarudi lini?"

"Labda msimu ujao. Labda baadaye."

"Na mbegu zangu?"

"Mwaka huu, nyuki ni wewe."

Akamfundisha. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, kabla maua hayajafunga, fundi alichuma ua dume. Akalitoa majani yake ya njano. Akaupaka unga wake taratibu katikati ya ua jike. Mikono yake ilizoea tofali, si maua. Alifanya hivyo kila asubuhi ua jike lilipofunguka.

Viboga vitano vikaoza. Viwili vikashika.

Mchana alichukua patasi na nyundo, akaanza kubandua plasta aliyoipiga mwenyewe. Jirani akachungulia.

"Mzee, umeharibikiwa? Si juzi tu uliipiga hiyo?"

"Nilikosea."

"Fundi anakiri kosa? Ngoja niite mashahidi."

Alibandua upande wote unaopata jua la asubuhi, akatoboa udongo kwa msumari mnene. Alivunja nusu ya sakafu, akaacha udongo wazi na magugu yenye maua. Binti yake alipopiga simu Jumapili, kwa mara ya kwanza mazungumzo yalizidi dakika tano.

Maboga mawili yalipokomaa, alipata mbegu zaidi ya mia mbili. Hakuzitia zote kwenye chupa moja. Nyingine alimpa jirani, nyingine alimtumia binti yake. Mtafiti alichukua kumi kwa hifadhi ya chuo.

"Zikipotea kwako, zipo kwetu," mtafiti akasema. Kazi yake katika mtaa ule ilikuwa imekwisha. Alimwachia fundi daftari jipya na kumwonyesha jinsi ya kulijaza. Akaaga. Fundi alisimama mlangoni mpaka ile kofia pana ilipopotea kwenye kona.

Msimu uliofuata maboga yalizaa sita, na fundi hakugusa ua hata moja. Aina za nyuki alizoandika zilikuwa nne. Si kumi na moja.

Asubuhi moja alikuwa kwenye kigoda chake, macho ukutani.

"Mzee Saruji," jirani akaita, "unaongea na nani huko?"

"Siongei. Nahesabu."

"Umefika wangapi?"

"Nyamaza kwanza. Kuna mmoja anaingia."

Jirani akanyamaza. Akaegemea ukuta kwa upande wake, akangoja.