Ndiyo za Bibi Saminten

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wening alimwandalia bibi yake chai isiyo na sukari na kipande cha tempe ya kukaanga, ile soya iliyochachushwa ikashikana kama mkate. Bibi Saminten aliinywa chai hiyo amekunja uso, maana kisukari kilikuwa kimemnyang'anya utamu aliouzoea tangu utotoni. Kilikuwa kimemwachia pia kidonda sugu kwenye unyayo.

Kwa bahati, kliniki moja mjini kwao Klaten ilikuwa ikijaribu bandeji mpya. Daktari Laksmi aliwaeleza kwamba imepakwa oksidi ya zinki, ile ile inayotiwa kwenye poda za watoto, ila hii ni ya chembe ndogo mno, hata unywele ni gogo mbele yake. Chembe hizo huzuia vijidudu visizaliane kidondani. Akawaonya wasiifungue nyumbani wala wasitumie dawa nyingine.

"Sawa, Bibi?"

"Ndiyo, daktari," Bibi akajibu kwa adabu.

Tatizo ni kwamba Bibi Saminten hakuwahi kumwambia mtu hapana. Kwao Java kumkatalia mtu usoni ni kumvunjia heshima, na bibi huyu heshima alikuwa nayo hadi ya kugawa. Kesho yake jirani yao, Mama Tumirah, alileta sufuria ya majani ya tambuu yaliyochemshwa, amwoshe shoga yake kidonda kama walivyofanya mama zao. Bibi akasema ndiyo, karibu. Bandeji ikafunguliwa, kidonda kikaoshwa, bandeji ikarudishwa. Ikawa desturi ya kila jioni, na Wening ndiye aliyeshika beseni.

Kidonda kikaanza kufunga. Waliporudi kliniki, Daktari Laksmi alifurahi mno. Akakipiga picha, akasema atawaonyesha madaktari wenzake kule Jakarta kazi ya bandeji peke yake, bila dawa nyingine.

"Si ndivyo, Bibi?"

"Ndiyo, daktari."

Wening akapima moyoni. Akisema, bibi yake ataaibika, na huenda akanyimwa bandeji ambazo hazipatikani dukani. Akinyamaza, wagonjwa wengine watategemea bandeji kwa sifa ambayo huenda si yake. Alimtazama bibi yake. Bibi alikuwa anatazama ukuta.

"Daktari, tunakiosha kwa majani ya tambuu," Wening akasema. "Kila jioni. Mimi ndiye nashika beseni."

Bibi alimfinya mkono, kisha akamwachia.

"Mtoto anasema kweli," akasema taratibu. "Tumirah kaja na sufuria yake, ningemfukuzaje? Na wewe ulivyo mpole, ningekukataliaje?"

Uso wa daktari ulisawijika. Alikiri kwamba alizitegemea sana picha zile, na sasa hawezi kwenda nazo. Bibi ataondolewa kwenye hesabu ya majaribio, lakini matibabu yake yataendelea na bandeji atapewa. Wening akashusha pumzi.

"Kwa hiyo bandeji haifanyi kazi?" akauliza.

"Huenda inafanya. Huenda ni tambuu, huenda ni vyote viwili. Sijui, na heri niseme sijui kuliko kuwadanganya wagonjwa." Daktari akamshika bega. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mwanangu, anayeficha alichokitumia huwaponza na wenzake wasiomjua. Dawa huanza kupimwa kwa ukweli wa mgonjwa. Umechelewa kidogo kusema, ila umesema, na nakushukuru."

Jioni ile Mama Tumirah alikuja na sufuria yake kama kawaida. Bibi Saminten alimkaribisha, akamkalisha, akamimina chai. Alikohoa mara kadhaa bila kuwa na kikohozi.

"Shoga yangu," akasema hatimaye, "leo hapana."

Wening hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa bibi yake. Akasubiri kuona jirani atakavyonuna.

Mama Tumirah aliitua sufuria sakafuni, akayanyoosha magoti yake.

"Ungesema mapema," akasema. "Mwenzio nachoka kuja huku kila siku, naona aibu kuacha."